Makasri ya Bonde la Loire, Ufaransa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wanaofunga safari ya kwenda Ufaransa hupanga kila kitu kuhusu Paris, kisha hukumbuka siku chache kabla ya kuondoka kwamba walikuwa wametamani pia kuona makasri ya wafalme. Majibu yafuatayo yanahusu Bonde la Loire, lililo kusini-magharibi mwa Paris, ambako mto mrefu kuliko yote ya Ufaransa hupita katikati ya majengo yaliyosimama kwa miaka mia tano na zaidi. Mwaka 2000 UNESCO iliandikisha sehemu ya bonde hili, kutoka Sully-sur-Loire hadi Chalonnes, katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Je, haya ni makasri au ni ngome?

Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana, kwa sababu Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo Kifaransa huyabeba kwa neno moja, *château*. Sisi tunasema ngome tukimaanisha jengo la kujihami, kama Ngome Kongwe ya Unguja au Fort Jesus ya Mombasa, na tunasema kasri tukimaanisha makao ya mtawala, yaliyojengwa kwa ajili ya fahari na starehe. Katika Bonde la Loire utayaona yote mawili, na mara nyingine yote mawili ndani ya ukuta mmoja.

Angers ni ngome halisi: minara 17 minene ya mawe meusi yenye mikanda ya mawe meupe, iliyosimamishwa karne ya 13 ili adui akiiona arudi alikotoka. Chenonceau ni kasri lisilo na shaka, jepesi, jeupe, lililonyooshwa juu ya maji. Kati ya hayo mawili lipo Langeais, ambalo Mfalme Louis XI alilianza mwaka 1465. Ukilitazama kutoka mjini utaona daraja la kuinua na minara ya vita. Ukizunguka ukalitazama kutoka bustanini utaona nyumba ya mtu anayetaka mwanga na hewa. Ni jengo moja, ila upande mmoja unaogopa na upande wa pili umekwisha kutulia.

Mgeni anayeingia katika kila jengo akijiuliza ni wapi ngome inaishia na ni wapi kasri linaanza, atafaidi zaidi kuliko anayekariri majina ya wafalme. Minara ya Chambord, kwa mfano, ina umbo la ngome lakini haikujengwa kumzuia mtu yeyote. Ni pambo lililobaki kwa sababu mkubwa bila minara hakuonekana mkubwa.

Kwa nini wafalme walijenga huku wala si Paris?

Sababu ya kwanza ni vita. Wakati wa Vita vya Miaka Mia dhidi ya Waingereza, vilivyoanza mwaka 1337 na kwisha mwaka 1453, Paris iliangukia mikononi mwa wapinzani wa mrithi wa kiti, naye akakimbilia huku. Ni katika ngome ya Chinon ambako Jeanne d'Arc, msichana aliyeongoza jeshi la Wafaransa, alikutana naye mwaka 1429, kabla ya kwenda kuukomboa mji wa Orléans. Vita vilipokwisha, wafalme walikuwa wamekwisha kuizoea nchi hii yenye misitu ya kuwindia na mto uliotumika kama barabara ya mizigo.

Sababu ya pili ilitoka ng'ambo ya milima. Mwaka 1494 Charles VIII aliongoza jeshi kwenda Italia. Ushindi wake haukudumu, lakini alirudi Amboise akiwa amefuatana na mafundi, wachongaji na mtunza bustani wa Kiitalia, na kutoka hapo sura ya ujenzi wa Kifaransa ilibadilika. Yeye mwenyewe hakuyaona matunda: mwaka 1498 aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango mfupi humo humo Amboise, akafariki siku hiyo hiyo.

Nina siku tatu au nne tu. Niende wapi?

Nenda kwenye makasri machache, ukae katika kila moja kwa muda mrefu. Ziko safari za basi zinazopeleka watu katika makasri matatu kwa siku moja, na abiria wake hurudi jioni wakiwa na picha nyingi na kumbukumbu moja iliyochanganyika. Mtu akiniomba ratiba, humpa siku ya kwanza Amboise, pamoja na Clos Lucé, nyumba alimoishi Leonardo da Vinci, iliyo mwendo mfupi kwa miguu. Siku ya pili Chenonceau peke yake. Siku ya tatu Blois asubuhi na Chambord mchana. Na siku ya nne, kama ipo, Azay-le-Rideau, kasri dogo lililojengwa kati ya 1518 na 1527 kwenye kisiwa cha mto Indre, au bustani za Villandry.

Kama ni kasri moja tu, chagua Chenonceau. Lilijengwa mahali pa kinu cha maji kwenye mto Cher, na kazi ya kusimamia ujenzi kati ya 1513 na 1521 ilifanywa zaidi na mke wa mwenye mali, Katherine Briçonnet, kwa kuwa mumewe alikuwa vitani Italia. Baadaye Mfalme Henri II alimpa kasri hilo kipenzi chake, Diane de Poitiers, aliyejenga daraja la kuvukia mto. Henri alipofariki mwaka 1559 kwa jeraha la mchezo wa mikuki, mjane wake, Catherine de Médicis, alimlazimisha Diane aachie Chenonceau na kupokea kasri la Chaumont badala yake, kisha juu ya daraja la mpinzani wake akajenga ukumbi wa urefu wa mita 60. Hivyo unapotembea katika ukumbi huo unakanyaga kazi ya Catherine iliyobebwa na kazi ya Diane, na chini yenu nyote mto unaendelea kupita.

Ukumbi huo uliona mengine. Katika Vita Vikuu vya Kwanza uligeuzwa kuwa hospitali, ambako majeruhi zaidi ya elfu mbili walitibiwa. Katika Vita vya Pili mto Cher ulikuwa mpaka kati ya eneo lililokaliwa na Wajerumani na eneo ambalo halijakaliwa. Mlango mkuu wa kasri ulikuwa upande mmoja, mlango wa mwisho wa ukumbi upande wa pili, na wapo waliookoka kwa kupita humo. Ukifika mwisho wa ukumbi, toka nje kupitia mlango huo mdogo hadi ukingo wa kusini, ugeuke utazame nyuma. Wageni wengi huishia dirishani.

Usiondoke bila kushuka jikoni. Jiko limejengwa ndani ya misingi ya nguzo, chini kabisa karibu na maji, na vyakula vililetwa kwa mashua hadi gatini. Sufuria za shaba, tanuri la mkate na meza ya kukatia nyama vipo bado.

Kwa nini vyumba vingi vya Chambord ni vitupu?

Malalamiko haya husikika sana, na anayejua sababu huacha kulalamika. Baraza la mfalme lilikuwa la kuhamahama. Mfalme alisafiri na maelfu ya watu na farasi, na vitanda, mazulia ya ukutani, meza na vyombo vilisafiri pamoja naye. Hata neno la Kifaransa la samani, *meubles*, maana yake ni vitu vinavyohamishika. Mfalme akiondoka, jumba lilibaki mawe na meko. François wa Kwanza, aliyeanza kujenga Chambord mwaka 1519, alitawala miaka 32 na kwa jumla hakulala humo zaidi ya majuma machache. Vyumba vya leo kwa hiyo vinasema kweli kuliko vile vilivyojazwa viti vya dhahabu.

Jumba lina vyumba zaidi ya 400 na meko 282, na limezungukwa na msitu wa hekta 5,440 ulio ndani ya ukuta wa kilomita 32. Tarakimu hizo hushangaza, lakini kinachobaki moyoni ni ngazi. Katikati ya jumba zimo ngazi mbili za mzunguko zilizosokotana kwenye mhimili mmoja, kiasi kwamba mtu anayepanda na mtu anayeshuka wanaweza kuonana kupitia vidirisha bila kukutana hata mara moja. Jaribuni mkiwa wawili. Kisha pandeni hadi juu kabisa, ambako paa limegeuzwa kuwa kama mtaa wa mji wenye vibanda, mabomba ya moshi yaliyochongwa na minara midogo. Huko juu wanawake na waheshimiwa wa barazani walitembea wakitazama uwindaji.

Je, ni kweli kwamba Leonardo da Vinci ndiye aliyechora ramani ya Chambord?

Hakuna hati inayothibitisha hivyo. Kinachojulikana ni kwamba Leonardo alifika Amboise mwaka 1516 kwa mwaliko wa François wa Kwanza, akapewa nyumba ya Clos Lucé na posho, na kwamba alifariki humo tarehe 2 Mei 1519, miezi michache kabla ujenzi wa Chambord haujaanza. Daftari zake zina michoro ya ngazi zilizosokotana, na mfalme alizungumza naye mara kwa mara. Wataalamu wengi wanaona mkono wake katika wazo, si katika utekelezaji, na mtazamo huo unaniridhisha.

Alipovuka milima ya Alps akiwa mzee, Leonardo alibeba michoro yake mwenyewe, Mona Lisa ukiwemo. Ndiyo maana mchoro wa mwanamke wa Kiitalia ni mali ya taifa la Ufaransa na unakaa Louvre, jumba kuu la makumbusho la Paris. Tena, vita vilipokaribia mwaka 1939, maelfu ya kazi za Louvre yalifichwa nje ya Paris na Chambord likawa kituo kikuu cha kuzipokea. Mona Lisa nao ulipitia hapo. Kaburi linalotambuliwa kuwa la Leonardo limo katika kanisa dogo la Saint-Hubert, ndani ya uwanja wa kasri la Amboise.

Ni sanaa gani nyingine ya kutafuta, mbali na majengo yenyewe?

Tafuta kwanza Zulia la Ufunuo katika ngome ya Angers. Ni zulia la ukutani lililofumwa kwa sufu katika miaka ya 1370 na mwanzo wa 1380, kwa agizo la Louis wa Kwanza, mtawala wa Anjou, na linasimulia Ufunuo wa Yohana picha baada ya picha: wapanda farasi, joka lenye vichwa saba, miji inayoanguka. Yamebaki kama mita 100, nayo yameonyeshwa katika ukumbi wenye mwanga hafifu ili rangi zisififie. Lilipotupwa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, vipande vyake vilitumika kufunikia michungwa wakati wa baridi na hata katika mazizi ya farasi, na ni watu wa karne ya 19 waliovikusanya upya. Nilikaa mbele yake saa nzima nikiwa nimepanga kukaa dakika kumi.

Mjini Tours, jumba la makumbusho ya sanaa lililo katika makao ya zamani ya askofu mkuu lina picha mbili za mchoraji wa Kiitalia Andrea Mantegna zilizochukuliwa kutoka kanisa la San Zeno la Verona na majeshi ya Napoleon. Watu wachache huingia humo, na utaweza kusimama karibu nazo bila kusukumwa, jambo ambalo Louvre haliwezekani.

Nimesikia kwamba kuna makaburi ya Waislamu katika kasri la Amboise. Ni kweli?

Ni kweli, na Mwislamu anayefika Amboise asipite bila kuyazuru. Emir Abdelkader, aliyeongoza Waaljeria kupigana na Wafaransa kwa miaka 15, alijisalimisha Desemba 1847 kwa ahadi ya kupelekwa nchi ya Kiislamu. Ahadi hiyo ilivunjwa. Alizuiliwa Ufaransa pamoja na jamaa na wafuasi wake, na kuanzia mwaka 1848 hadi 1852 gereza lake lilikuwa kasri hili, hadi Louis-Napoléon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa wakati huo, alipofika mwenyewe kumtangazia uhuru. Watu zaidi ya ishirini wa msafara wake, watoto wakiwemo, walifariki humo kabla ya siku hiyo.

Katika bustani ya juu, inayotazama mto, yamewekwa mawe ya ukumbusho ya marehemu hao, kazi ya msanii wa Kialjeria Rachid Koraïchi, yenye aya za Kurani. Emir mwenyewe alihamia Damascus, ambako mwaka 1860 aliwakinga maelfu ya Wakristo wasiuawe katika ghasia. Mahali hapa huwa kimya hata wakati ua wa kasri umejaa watu.

Nitajuaje sehemu ipi ya jengo ni ya zamani na ipi ni ya baadaye?

Nenda Blois. Simama katikati ya ua, ujizungushe polepole, na utaona karne nne za ujenzi bila kutembea hatua moja: ukumbi wa karne ya 13, jengo la matofali mekundu na mawe la Louis XII, jengo la François wa Kwanza lenye ngazi maarufu za mzunguko zilizo wazi, na upande wa mwisho jengo la msanifu François Mansart la miaka ya 1630, lililonyooka, lenye nguzo na mpangilio mkali. Tafuta pia wanyama waliochongwa ukutani. Nungunungu ni nembo ya Louis XII, na salamanda, mnyama anayefanana na mjusi, katikati ya moto ni nembo ya François wa Kwanza. Ukikutana na salamanda katika kasri lolote, umekwisha kujua ni zama za nani.

Kitu cha pili cha kutazama ni jiwe lenyewe. Weupe wa makasri haya hutokana na jiwe la chokaa liitwalo *tuffeau*, laini kiasi kwamba hukatwa kwa msumeno na kuchongwa kwa urahisi. Aliyeona mafundi wa pwani yetu walivyochonga mihrabu kwa matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini ataelewa mara moja kwa nini nakshi zilistawi hapa: pote pawili jiwe lenyewe lilimpa fundi ruhusa. Paa nazo ni za vigae vyembamba vya jiwe la kijivu cheusi kutoka Anjou, na weupe ule dhidi ya weusi ule ndio sura ya Loire. Machimbo yalikoishia, mapango yalibaki, na karibu na Saumur watu wameyafanya nyumba, ghala za mvinyo na mashamba ya uyoga.

Tule nini?

Jibini ya maziwa ya mbuzi kwanza. Sainte-Maure de Touraine ni ndefu kama kinoo, imepakwa majivu na kupitishwa unyasi katikati. Valençay ina umbo la piramidi iliyokatwa ncha. Selles-sur-Cher ni bapa na ya mviringo. Wenyeji husimulia kwamba ufundi huu waliachiwa na Waarabu waliofika hadi karibu na Poitiers mwaka 732. Ni simulizi tu, lakini wanaisimulia kwa heshima. Nunua sokoni asubuhi, umwulize muuzaji iliyo changa na iliyokomaa, uonje zote mbili. Ile changa ni laini na yenye uchachu kidogo, ile iliyokomaa hukaza na kuacha ladha ya njugu.

Pili ni samaki wa mtoni, hasa *sandre*, anayeliwa kwa *beurre blanc*, mchuzi wa siagi iliyoyeyushwa polepole juu ya vitunguu vidogo vilivyochemshwa katika siki na mvinyo mweupe. Katika mapango ya upande wa Saumur huokwa *fouées*, vijimkate vidogo vinavyofura tanurini na kupasuliwa vikiwa moto ili vijazwe maharage, siagi au jibini. Huko huko uyoga hujazwa viungo na kuchomwa.

Kwa kitu kitamu, *tarte Tatin*: matufaha yaliyopikwa katika sukari na siagi hadi yakawa na rangi ya asali iliyoungua, yakafunikwa kwa unga, yakaokwa, kisha yakapinduliwa. Jina lilitoka kwa akina dada wawili waliokuwa na hoteli Lamotte-Beuvron, kusini mwa Orléans, mwishoni mwa karne ya 19. Kijiji cha Rivarennes bado hukausha peari tanurini na kuzigonga zikawa bapa, ili zihifadhike. Hulowekwa kabla ya kuliwa, na ni zawadi isiyoharibika njiani.

Mimi sili nguruwe wala sinywi pombe. Nitapata chakula?

Utapata, kwa kuuliza. Jihadhari na *rillettes* na *rillons*, vyakula vinavyosifiwa zaidi Tours, kwa maana vyote ni nyama ya nguruwe iliyopikwa polepole katika mafuta yake, na *rillettes* hupakwa juu ya mkate bila kutangazwa. Neno *lardons* kwenye orodha ya saladi maana yake ni vipande vya nguruwe. Michuzi mingi, *beurre blanc* ukiwemo, huanza na mvinyo. Jifunze maneno mawili, *sans porc* na *sans alcool*, uyaseme mapema, na mhudumu atakuelekeza. Anayezingatia zaidi ajue pia kwamba jibini nyingi za asili hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama au mwanambuzi.

Tours ni mji wenye Waislamu wengi, na maduka ya nyama halali pamoja na mikahawa ya Kimoroko, Kituruki na Kialjeria hayako mbali na katikati ya mji. Vijijini mambo ni magumu zaidi, na hapo samaki, mayai, mboga na mkate vitakutosha vizuri.

Kuna desturi gani za mezani?

Chakula cha mchana huliwa kati ya saa sita na saa nane, na jiko hufungwa kweli. Safari yangu ya kwanza nilifika katika mkahawa wa Amboise saa nane na robo nikiwa na njaa ya kutembea tangu asubuhi, nikaambiwa kwa upole kwamba mpishi amekwisha kuvua aproni. Chakula cha jioni huanza saa moja au moja na nusu.

Mchana ndio wakati wa kula vizuri kwa bei nafuu, kwa sababu mikahawa mingi hutoa *menu du jour*, yaani chakula cha siku hiyo cha hatua mbili au tatu kwa bei moja. Ukisema *une carafe d'eau* utaletewa maji ya bomba bila malipo. Ukisema maji tu unaweza kuletewa chupa ya kulipia. Malipo ya huduma yamo ndani ya bei, na bakshishi ni hiari. Mkate huwekwa juu ya meza, wala si juu ya sahani, na jibini hufika kabla ya kitamu.

Nahitaji viza ya aina gani?

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi na Oman wanahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya siku 180. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisicheleweshwe hadi zikabaki siku chini ya 15. Ada ya mtu mzima ni yuro 90. Utatakiwa kuwa na bima ya afya ya angalau yuro 30,000, uthibitisho wa malazi, uthibitisho wa fedha, na pasipoti itakayobaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kurudi. Mwafrika Mashariki anayefanya kazi Ghuba na mwenye kibali cha ukaazi huko anaweza kuomba huko huko anakoishi. Wanaoishi katika nchi za Schengen hawahitaji lolote zaidi ya pasipoti na kibali chao cha ukaazi.

Kutoka Paris nasafirije?

Treni ya kasi kutoka stesheni ya Montparnasse hufika Saint-Pierre-des-Corps, pembeni mwa Tours, kwa muda wa saa moja na ushei, na zipo nyingine zinazotoka moja kwa moja kwenye uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle, bila kuingia Paris. Kwa Blois, panda treni ya kawaida kutoka stesheni ya Austerlitz. Kutoka Tours, treni ndogo hukushusha karibu kabisa na lango la Chenonceau baada ya nusu saa hivi. Unapotafuta tikiti, kumbuka kwamba kijiji huandikwa Chenonceaux na kasri huandikwa bila x.

Chambord halina stesheni. Kuna basi kutoka Blois katika miezi ya wageni, na nje ya miezi hiyo utahitaji gari au teksi. Kwa wenye miguu imara ipo njia ya baiskeli ya La Loire à Vélo, yenye kilomita kama 900 kwa jumla, na ardhi ya kando ya mto ni tambarare.

Msimu upi unafaa, na tikiti je?

Mei, Juni na Septemba. Julai na Agosti foleni ni ndefu na vyumba vya kulala ni ghali. Wakati wa baridi saa za kufungua hupungua na bustani hulala, ingawa Chenonceau hufunguliwa kila siku ya mwaka.

Nunua tikiti mtandaoni kabla ya kufika. Tangu Januari 2026 baadhi ya maeneo makubwa ya serikali, Louvre na Chambord yakiwemo, hutoza wageni wa nje ya Ulaya bei ya juu zaidi, kwa hiyo tazama bei inayokuhusu wewe. Watoto hawalipi katika makasri ya serikali, lakini Chenonceau, Villandry na Clos Lucé ni mali ya watu binafsi na yana kanuni zake.

Nasafiri na watoto, na mama yangu ni mzee. Wataweza?

Watoto watapenda Clos Lucé, kwa sababu bustani yake ina mashine za Leonardo zilizoundwa kwa ukubwa wa kuchezewa, nazo huzungushwa kwa mkono. Kwa mzee, tatizo ni ngazi: za mzunguko ni nyembamba, zimelika katikati, na mara nyingi hazina pa kushika. Chenonceau lina ngazi zilizonyooka, na ghorofa ya chini pamoja na ukumbi wa juu ya mto hutosha kabisa hata asipopanda.

Mpeleke Villandry. Mwaka 1906 daktari wa Kihispania, Joachim Carvallo, aliacha utafiti wake, akanunua kasri hilo pamoja na mkewe Mmarekani, Ann Coleman, akang'oa bustani ya mtindo wa Kiingereza na kurudisha ile ya karne ya 16. Ile ya mboga ina viwanja tisa vya mraba, kila kimoja kimepandwa kwa mchoro wake: kabichi za buluu, letasi, karoti, maboga, zikipangwa rangi kwa rangi na kubadilishwa mara mbili kwa mwaka. Mama yangu, aliyelima maisha yake yote, alikaa kwenye benchi lililo juu ya viwanja hivyo akahesabu mistari ya vitunguu saumu, kisha akamwuliza mtunza bustani, kwa mikono na kwa Kiswahili, wanatumia mbolea gani. Alijibiwa kwa Kifaransa, kwa kirefu, na wote wawili walionekana kuelewana.